Mtani, Maji ya Pugu Yanakuja

Kwetu sie mtumbwi unaokolewa kwa kuzamishwa. Ukinikuta nimeshika ndoo, najaza maji kwenye mtumbwi wangu mwenyewe, usiniite kichaa, maana utakuwa umenikosea adabu na mie sinaga subira na watu wa namna hiyo. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha. Mto Mzinga ukifurika, chochote kinachoelea kinapigwa. Kinapigwa na magogo, na milango ya nyumba za watu, na mbuzi waliovimba. Kilicho chini kabisa, maji yanapita juu yake na kukiacha. Kwa hiyo unausogeza mtumbwi mpaka kwenye kona ya mikoko ambako mkondo haufiki, unaupakia viroba vya mchanga, unaujaza maji mpaka ulale kwenye tope, unafunga kamba ndefu kwenye mizizi, unakwenda zako nyumbani. Mto ukimaliza wazimu wake unarudi, unatoa viroba, unafua maji, yaani unayachota na kuyamwaga nje yote, kwa kidumu kilichokatwa mdomo, na kazi ya kuvusha watu inaendelea.

Nimevusha watu hapo karibu na mto unapoingia baharini tangu baba alipoacha kuona vizuri. Wanawake tunaofanya kazi hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole, na mdomo wangu umenisaidia kuliko mikono. Ukiwa mpole dikoni, hapo tunapofungia vyombo, abiria watakupanda kichwani.

Sasa mtani wangu. Mie Mzaramo wa Temeke, yeye Mnyamwezi wa Tabora. Kwa anayejua, nimeshamaliza maelezo. Kwa asiyejua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo, kukuibia kuku mchana kweupe, kukuzushia uongo wa kila aina, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna wewe ndiye mshamba. Na siku mtu anapokufa, ndugu wanalia, mtani anachekesha. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza alivyokuwa akitembea, hata kaburini ataingia na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Ndiyo kazi yake msibani, na hakuna wa kumzuia.

Alikuja dikoni na boti ya faiba, mpya, ya buluu, ina mashine nyuma. Sie wengine wote tulikuwa na mitumbwi na upondo, mti mrefu wa kusukumia. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Chanika, wamenunua kiwanja, wanajenga kidogo kidogo, na boti ile ndiyo iliyokuwa inapandisha zile kuta na kusomesha watoto. Alikuwa anaipenda mpaka inaudhi. Jioni anaifuta kwa kitambaa. Akiifunga, anaifunga mbele na nyuma, kamba fupi, imekazwa mpaka inalia.

"We mtani," nilimwambia, "mbona umeifunga kama ng'ombe wa kukamuliwa? Mto ukijaa boti inatakiwa inyanyuke. Utaikaba hiyo."

"Nyie Wazaramo mnazamisha vyombo vyenu kwa mikono yenu halafu mnafundisha watu?" alinijibu. "Mie nikirudi Tabora nikawaambia nimeona mtu anazamisha mtumbwi ili usizame, watanifunga kamba mimi."

Diko zima likaangua kicheko. Na mie nilicheka, nisiseme uongo.

Masika ya mwaka uliopita alinifanyia kitu. Jua linawaka, nimekaa nasuka ukili, akaja mbio anahema, macho yamemtoka: "Mtani, maji ya Pugu yanakuja! Mto umevunja daraja huko juu!" Mto wetu unaanzia vilima vya Pugu, na huko kunaweza kunyesha mvua ya kuangusha nyumba wakati huku kwetu unaanika mchele. Kwa hiyo niliamini. Nilibeba viroba mgongo ukaniuma, nikazamisha mtumbwi, nikafunga kamba, nimelowa tope hadi kwenye nyusi. Nikageuka. Watu wote wamekaa kwenye kibanda cha chai wananitazama, na yeye yuko katikati yao, kacheka mpaka kaanguka kwenye benchi. Wiki nzima nikawa naitwa "Pugu". Abiria nisiowajua kabisa wananiita "Mama Pugu, tuvushe". Nikamwambia mbele za watu: "Kaa ukijua zamu yangu inakuja."

Nilisema kama mtani anavyosema. Watu wameshanieleza mara nyingi kwamba nijilaumu kwa maneno hayo. Sijilaumu. Nimekataa na nitaendelea kukataa.

Siku yenyewe, mwaka mmoja baadaye, ilikuwa kipindi cha bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na maji ya chumvi yalikuwa yameanza kupanda mtoni tangu asubuhi. Kwetu jua kali. Ila upande wa Pugu mbingu zilikuwa nyeusi tii, kama sufuria la shughuli. Dada yangu anakaa huko. Akanipigia simu, analia na kupiga kelele kwa pamoja, nyuma yake nasikia mabati yanapigwa na mvua. Akasema mto umepita juu ya migomba, umechukua choo cha jirani kizimakizima, na unakuja kwetu. Simu ikakatika.

Hesabu hiyo haihitaji shule. Maji ya juu yanashuka, maji ya bahari yanapanda, yanakutana mlangoni kwetu. Hapo hakuna chombo kinachopona kwa kuelea.

Nikakimbia kibandani. Yuko pale, chapati mkononi, chai inafuka.

"Mtani, maji ya Pugu yanakuja!"

Nakwambia kibanda kizima kiliripuka. Mtu mmoja akapiga meza. Mtani wangu akaweka chapati chini taratibu, akafuta vidole, akasema, "Hatimaye! Mwaka mzima umekaa na kinyongo tumboni, leo umejifungua."

"Wallahi nakuapia. Dada kanipigia sasa hivi. Ipandishe boti juu, au itoe mashine uizamishe."

"Mzaramo akiapa, na mie naapa kwa mihogo."

Nikamkwida shati. Chai ikamwagika mapajani mwake, ya moto, akaruka, watu wakazidi kucheka. Nilimtikisa. Nilimwambia, "We mwanaume, sitanii, naapa kwa kaburi la baba yangu sitanii." Akanitazama usoni kwa makini, nikadhani sasa ameelewa. Akasema, "Leo umeigiza vizuri sana. Machozi tu ndiyo yamekosekana."

Ningefanya nini? Nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, nikaenda kuokoa changu. Alinifuata. Wakati nabeba viroba alisimama ukingoni anapiga makofi na kuimba, "Anazama huyo, anazama!" Wenzetu wawili walipoona nabeba viroba viwili viwili wakaacha kucheka, wakaanza kuivuta mitumbwi yao juu. Akawaambia wameingia mkenge. Mtumbwi wangu ukashuka, ukalala. Nikafunga kamba. Nikiwa bado nimepiga magoti topeni, ndege wote waliokuwa kwenye mikoko wakaruka kwa mpigo.

Halafu tukaisikia sauti. Siyo ngurumo. Ni miti, mikoko inavunjika huko juu, paa, paa, paa, inakuja upande wetu.

Maji hayakupanda, yalitushambulia. Mbele yake yalikuwa yanasukuma ukuta wa takataka: mapande ya povu, mabua, friji limelala chali, paa la nyumba na misumari yake, mbwa aliye hai juu ya godoro anabweka. Upepo ukaja pamoja nayo, na mvua ya ubavuni inayochapa kama fimbo za chuoni. Kile kibanda cha chai kiling'oka na kuondoka, jiko likiwa bado linawaka. Mwenye kibanda alipigwa na bati mkononi, nikaona nyama yake nyeupe kabla damu haijatoka. Watu wakakimbilia juu wakikanyagana.

Mtani wangu yeye alikimbilia chini.

Nilimwona akiruka ndani ya boti. Kamba zake fupi zilikuwa zimekaza mbele na nyuma. Boti inataka kunyanyuka, kamba hazitaki, pua yake ikawa inavutwa chini na mto unaingia humo kama unavyoingia kwenye shimo la panya. Yeye ameinama nyuma, anafungua mashine. Mashine! Maji yamefika kiunoni, mtu anafungua skrubu.

Nikapiga kelele nipewe kamba. Wanaume watatu wa dikoni wakanifunga kiunoni, wakashika upande wa pili, wamejiegemeza kwenye mnazi. Pembeni yao kulikuwa na kijana wa watu ameinua simu juu anarekodi, anasema, "Oyaa cheki, cheki huyo jamaa!" Nilimpiga kofi simu ikaenda mtoni. Alinitukana. Mpaka leo akipita dikoni ananitukana, na mimi nikimwona namwitikia vivyo hivyo.

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi na yanasukuma kama umati wa watu. Kitu kilinikata pajani, sikukiona. Nikaishika boti.

"Kata kamba!" nikamwambia. "Njoo!"

"Nikikata inakwenda!"

"Acha iende!"

"Ni maisha ya wanangu hii!"

"Wanao wana baba, mpumbavu wewe! Toka!"

Hakugeuka hata kuniangalia. Vidole vyake vilikuwa vinavuja damu kwenye zile skrubu. Nikajivuta juu ya ukingo wa boti, nikamshika shingo kwa nyuma, nikamkaba. Akanisukuma kwa kiwiko, nikapiga paji la uso kwenye faiba. Kovu liko hapa, watu wanadhani ni alama ya kusali. Nikaamka na ngumi. Nilimpiga ngumi ya pua, kwa nguvu zangu zote, jinsi ambavyo sijawahi kumpiga binadamu. Nilisikia mfupa. Nikampiga tena.

Basi hapo akasimama. Damu inamtoka, mvua inaiosha, inatoka tena. Akatazama mto, akatazama zile kamba, akanitazama mie. Ndiyo, akacheka. Kicheko chake kile kile cha kibandani.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli, mtani."

Akaiachia mashine. Akaninyooshea mkono.

Ulikuwa mti mzima, mwembe wa mtu, na mizizi yake na udongo wake. Sikuuona ukija, niliuona umefika. Uligonga boti ubavuni, mkoko wa mbele ukang'oka na kamba yake, boti ikajizungusha na kujifunika kama kifuniko cha chungu. Mie nilikuwa nimemshika mkono wa shati. Nililishika. Nilikwenda chini nikiwa nimelishika, nikabugia tope, nikavutwa na wale wanaume kwa kamba mpaka mbavu zikalia, na sikuliachia. Waliponitoa nchi kavu nikafungua kiganja. Nilikuwa na mkono wa shati, umechanika begani, na ndani yake hamna mtu.

Nikarudi majini. Walinikalia. Nasema kweli, wanaume wawili walinikalia mgongoni topeni, wa tatu akanishika miguu, nikawauma. Nililia kwa sauti ambayo siijui.

Asubuhi yake mto ulikuwa umeshuka, umetulia, mnafiki. Boti ya buluu haikuonekana, hata kipande. Nikaenda kwenye kona yangu ya mikoko, nikapapasa kwa mguu, nikaukuta mtumbwi wangu umelala palepale chini ya tope, mzima, hauna hata ufa. Niliutukana. Nikatoa viroba, nikafua maji, nikaupondea kuteremka nao mtoni. Kulikuwa na mitumbwi mitatu inayotafuta, ni ile ile iliyopona. Mie ndiye niliyemwona. Alikuwa amenasa kwenye mizizi ya mikoko karibu na bahari, mkono mmoja hauna shati. Wenzangu wakasaidia kumpakia kwangu. Sikumfunika uso, maana ningemfunika na nini? Nilipondea upondo njia nzima namsema. Nilimwambia haya, umepanda chombo cha Kizaramo, umeridhika? Chombo kinachozamishwa, huyo umelala ndani yake. Jibu basi. Miaka yote tuliyojuana hajawahi kukosa jibu.

Msiba ulikuwa Chanika, kwenye ile nyumba isiyopigwa lipu. Mvua haikukatika. Nilimpa mkewe mkono, tukashikana. Ndani ya turubai mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo, sikio la kufa halisikii dawa." Nikamgeukia. "Shikamoo mzee," nikamwambia, "lakini ukirudia neno hilo mbele ya watoto wake nakutoa humu ndani miguu yako ikitangulia." Wakanisihi nikae.

Halafu wakaanza. Mtani yuko wapi? Mbona mtani kanyamaza? Ndugu zake wametoka Tabora usiku kucha, wanategemea wachekeshwe kidogo kama desturi. Wakaniletea kofia yake nivae, niigize anavyofuta boti. Nikaivaa. Nikainuka. Mdomo wangu, huu mdomo ambao unajulikana kutoka Kongowe mpaka Mbagala, ukakataa kufunguka. Nikakaa chini na ile kofia kichwani. Watu wakaona aibu kwa niaba yangu, wakaanza wimbo wa kanisani.

Tukaenda kaburini, nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja chao wenyewe. Mie Mwislamu, kwetu wanawake hatuendi, lakini utani haujui dini na siku hiyo sikumwuliza mtu. Wachimbaji walikuwa wamesimama wameduwaa. Kaburi limejaa maji karibu nusu, ya njano, mvua inatoboa toboa juu yake. Wakanong'ona na mchungaji. Nikasikia mmoja anasema, "Tumweke tu haraka, yatanywea yenyewe."

Tumweke tu? Kwenye maji?

Sikujua nimefikaje. Nilijikuta ndani ya kaburi, maji yamenifika kiunoni, kofia yake bado kichwani. Watu wakashtuka, halafu ndugu wa Tabora wakaelewa, nyuso zikafunguka. Afadhali, mtani ameamka! Mtani kaingia kaburini! Mmoja wao akasogea ukingoni kwa furaha kabisa, akauliza kama inavyoulizwa: "Haya, mtani, unataka nini ili utoke?"

"Ndoo," nikasema.

Wakacheka. Wakanirushia ndoo. Nikaanza kufua maji. Nilirusha ndoo ya kwanza ikawalowesha viatu, wakaruka nyuma, wakacheka zaidi. Nilirusha nyingine na nyingine. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili chini ya mwavuli, na kutoka kule chini nililiona upande wake mmoja. Ndipo sauti ikanitoka. Yalinitoka maneno yale yale, siyachagui, nayapiga ukelele juu ya mvua:

"Mtani, toka! Maji ya Pugu yanakuja! Mtani, maji yanakuja!"

Umati wote ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega, wengine wakafuta machozi, wakisema huyu ndiye mtani wa kweli, hamna kama huyu. Nikawaambia sitanii. Wakacheka. Nikawapigia kelele, naapa sitanii, sitanii nyie watu! Wakacheka mpaka mchungaji akainamisha uso.

Mtu mmoja hakucheka. Mkewe alivua viatu, akachukua beseni lililokuwa la kunawia mikono, akakaa ukingoni na nguo yake nyeusi, akateleza ndani akasimama mbele yangu. Akachota, akamwaga juu. Nami nikachota. Vicheko vikapungua upande mmoja, kisha upande mwingine, mpaka ikabaki mvua na sauti ya ndoo na beseni. Mikono ilikufa ganzi. Maji yalikuwa yanarudi kutoka kwenye kuta, sie tunayatoa, yanarudi, tunayatoa. Tulifua hivyo mpaka tukauona udongo chini, mwekundu, wa Chanika.

Nikaivua kofia, nikampa mwenyewe, mkewe.

"Haya," nikawaambia walio juu. "Sasa mleteni."